Mtafiti na Hesabu ya Kutajwa Kwake

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ilikuwa hii: kwamba mtafiti wa elimu ya molekuli, yaani yule anayeuchungua uhai katika viungo vyake vidogo kabisa vya DNA, RNA na protini, thamani yake ipimwe kwa wingi wa makala alizochapisha na kwa idadi ya mara ambazo makala hizo zimetajwa na watafiti wenziwe. Waliojadiliana walikuwa watatu. Mtetezi wa hoja alikuwa mkutubi mstaafu, mtu aliyemaliza umri wake wa kazi baina ya rafu za vitabu, mwenye sauti ya chini na kumbukumbu ya tarehe isiyoteleza. Mpinzani wake alikuwa binti wa maabara, mwenye udaktari katika elimu hiyo hiyo inayojadiliwa, ambaye wakati huo alikuwa akingojea jawabu la kamati juu ya kupandishwa kwake cheo, na kwa hiyo hakuwa mtu wa kando katika shauri hili. Wa tatu alikuwa kadhi mstaafu. Yeye alialikwa awe mwamuzi, lakini, kama ilivyo ada ya makadhi, hakuweza kusikiliza muda mrefu bila ya kuuliza. Kalamu nilipewa mimi, na maneno yangu nimeyatenga na yao ili asilaumiwe mtu kwa makosa ya katibu.

MKUTUBI: Bismillahi. Sheikh, na wewe Daktari, mwanangu, kabla hatujazilaumu hesabu hizi yatupasa tujue zilizaliwa wapi na kwa haja gani, kwa kuwa wengi wanaozichukia hudhani zimetungwa na makarani wa vyuo vikuu ili kuwatesa wanazuoni. Sivyo. Huko Marekani, tangu mwaka 1873, mawakili walikuwa na kitabu kiitwacho Shepard's Citations, ambacho ukikipekua kwa jina la kesi ya zamani hukuonyesha kila kesi ya baadaye iliyoitaja, ikaitegemea au ikaitengua, hata wakili asisimame mbele ya hakimu na hukumu iliyokwisha kubatilishwa. Eugene Garfield akaona kwamba jambo wanaloliweza mawakili haliwezi kuwashinda wanasayansi, na mwaka 1955 akaandika katika jarida la Science akipendekeza fahirisi ya namna hiyo kwa ajili ya elimu zao. Joshua Lederberg, bingwa wa urithi wa bakteria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1958, akamtia moyo. Ndiyo maana fahirisi ya kwanza ya majaribio, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa ya elimu ya jenetiki, na mwaka uliofuata ikatangazwa ile kubwa ya sayansi nyingi, Science Citation Index, kutoka mji wa Philadelphia. Basi elimu ya molekuli haikutozwa kipimo hiki na mgeni kama kodi ya kichwa. Kilizaliwa mikononi mwake.

MTAFITI: Mzee wangu, nasaba yake siikatai. Nauliza kazi yake.

MKUTUBI: Kazi yake ya asili ilikuwa kutafuta, wala haikuwa kuhukumu. Mtu aliyeshika makala ya zamani, mathalani ile ya mwaka 1944 ambamo Oswald Avery na wenzake wawili, MacLeod na McCarty, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walionyesha kwamba DNA ndiyo inayogeuza urithi wa bakteria, aliweza kutoka hapo kwenda mbele, akajua nani aliisoma, nani aliiendeleza na nani aliipinga. Ilhali orodha ya marejeo iliyo mwishoni mwa makala humrudisha msomaji nyuma tu, kwa waliotangulia. Nasi wakutubi tulipata faida ya pili. Majarida yalikuwa yakizidi kila mwaka na fedha zetu hazizidi. Garfield na mwenzake Irving Sher wakatutengenezea kigezo cha athari: unahesabu ni mara ngapi makala za jarida fulani za miaka miwili iliyopita zimetajwa mwaka huu, ukagawanya kwa idadi ya makala hizo, nasi tukapata dalili ya jarida lipi tulinunue na lipi tuliache. Kilikuwa kipimo cha majarida. Waliokichukua wakaenda kumpimia binadamu, hao si watu wa maktaba.

MTAFITI: Basi nusu ya hoja umekwisha kuniachia bure.

MKUTUBI: Usiichukue kabla sijakupa. Mkumbuke Gregor Mendel, yule mtawa wa Brünn. Alisoma matokeo ya njegere zake mbele ya jumuiya ya mji ule mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866, kisha yakalala mpaka mwaka 1900, ambapo de Vries, Correns na Tschermak waliyafikia tena. Lau fahirisi ya nukuu ingalikuwapo, yeyote aliyeshughulika na mahuluti ya mimea katika miaka hiyo thelathini na minne angalifuata uzi akamkuta.

MTAFITI: Angalimkuta, naam, maana walikuwapo wachache waliomtaja. Lakini lau ingalikuwapo na kamati ya kupandisha vyeo, ingaliushika uzi huo huo, ikaona kwamba mtu huyu katika miaka yote hiyo ametajwa mara chache mno, na ikaandika pembezoni mwa jalada lake kwamba mtawa huyu hana athari.

KADHI: Nisameheni kwa kuingilia. Tuambieni kwanza, katika elimu yenu hii, ni makala ipi iliyotajwa kupita zote? Nikimjua mfalme wenu nitawajua na raia.

MTAFITI: Sheikh, ni makala ya mwaka 1951 ya Oliver Lowry na wenzake watatu, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, iliyotoka katika Journal of Biological Chemistry. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kilichomo katika majimaji fulani kwa kutia dawa inayogeuka rangi ya buluu: buluu ikikolea, protini ni nyingi. Hiyo tu. Jarida la Nature lilipozipanga mwaka 2014 makala mia moja za sayansi zilizotajwa kuliko zote, hiyo ilikuwa ya kwanza, kwa kutajwa zaidi ya mara 300,000. Ya pili ni ya Ulrich Laemmli ya mwaka 1970, zaidi ya mara 200,000. Anwani yake inazungumzia jinsi kinavyojengeka kichwa cha kirusi kinacholiangamiza bakteria, lakini aghalabu ya wanaoitaja hawana haja na kirusi hicho, wanaitaja kwa sababu ya njia yake ya kutenganisha protini ndani ya jeli kwa nguvu za umeme. Ya tatu, ya Marion Bradford ya mwaka 1976, ni njia nyingine tena ya kupima protini.

KADHI: Na ile ya ngazi iliyosokotwa, ambayo hata sisi watu wa sheria habari zake zilitufikia?

MTAFITI: Ile ya Watson na Crick ya tarehe 25 Aprili 1953 haimo katika hizo mia. Wala yenyewe haikuwa karimu wa kutaja. Marejeo yake ni sita tu, na makala ya Avery aliyoisifu Mzee wangu sasa hivi, ambayo iliwapa watu sababu ya kuishughulikia DNA, haimo. Na deni lao kwa Rosalind Franklin, ambaye picha ya eksirei iliyopigwa maabarani kwake iliwamulikia njia, lililipwa kwa sentensi moja ya jumla penye shukurani za mwisho.

Kadhi alicheka kwa sauti, akauliza kama ni kweli kwamba katika ufalme wa elimu ya uhai aliyekalia kiti ni mpimaji wa rangi ya buluu na aliyefumbua siri ya urithi amesimama nje ya mlango. Mkutubi hakucheka.

MKUTUBI: Lowry mnamcheka bure. Kwa nusu karne na zaidi maabara za biokemia katika kila bara zilipima protini kwa njia yake. Yeye mwenyewe hakujighuri: alisema anajua si makala kubwa, ila kwa siri alifurahi kuona inavyopokewa. Kinachohesabiwa hapa ni matumizi, na matumizi ni jambo la kweli lenye kushikika. Mtu aliyewarahisishia kazi wenziwe mara laki tatu amestahiki kuandikwa jina lake.

MTAFITI: Amestahiki, wala simnyimi. Ninaloliteta ni hesabu ya matumizi kuvishwa kanzu ya hesabu ya ubora. Ugunduzi ukishakuwa mkubwa kupita kiasi watu huacha kuutaja, kwa kuwa umekwisha kuingia katika maarifa ya kila mtu. Ni nani leo anayeandika kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, kisha akamweka Watson na Crick katika marejeo? Njia ya maabara, kinyume cha hayo, hutajwa kila inapotumika, hata miaka sabini. Ndiyo maana juu ya orodha ile wamejaa watu wa vyombo na mbinu, na waliogeuza fikra za ulimwengu unawatafuta huwaoni.

MKUTUBI: Ilani hiyo ilikwisha kutolewa na ikapatiwa dawa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, alitunga kipimo cha h, ili mtu asipewe enzi kwa makala moja iliyobahatika, wala kwa makala mia zisizosomwa na mtu. Ukiwa na makala ishirini ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara ishirini, h yako ni ishirini. Hiyo ndiyo insafu.

MTAFITI: Ni insafu mpaka aletwe Sanger. Frederick Sanger wa Cambridge alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1958 kwa kufumbua mpangilio wa insulini, akaipata tena mwaka 1980 kwa njia ya kuusoma mpangilio wa DNA, jambo ambalo katika kemia hakuwahi kulifanya mtu kabla yake. Makala yake ya mwaka 1977 juu ya njia hiyo ni ya nne katika ile orodha ya mia. Lakini alikuwa mtu wa mikono zaidi kuliko kalamu, na baina ya insulini na DNA alipitisha miaka mingi ya kujaribu na kushindwa, akichapisha kwa uhaba. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston huko Afrika Kusini, naye mwenye Nobel yake ya mwaka 2002, ambaye alimjua Sanger kwa karibu, alinena waziwazi kwamba mtu wa namna ile asingepona katika sayansi ya zama hizi, maana kamati zingeitazama miaka ile mikavu zikamfungia mlango. Na tufanye hesabu yenyewe. Mwenye makala tatu, kila moja ikatajwa mara elfu kumi, h yake ni tatu. Jirani yake mwenye makala thelathini, kila moja ikatajwa mara thelathini, h yake ni thelathini. Wa kwanza ametajwa mara elfu thelathini kwa jumla, wa pili mara mia tisa, na kipimo kinamwambia mwenyekiti kwamba wa pili ni mara kumi ya wa kwanza.

KADHI: Huyo Hirsch mwenyewe anasemaje?

MTAFITI: Mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara mazito ambayo hakuyakusudia.

KADHI: Shahidi amerudi nyuma katika ushahidi wake. Katibu, andika.

Nimeandika. Hapo Mtafiti aliomba ruhusa ya kuleta kesi moja kwa urefu, akapewa, nami nimeiacha kama alivyoisema kwa sababu baraza zima lilinyamaza.

MTAFITI: Katalin Karikó alizaliwa Hungaria mwaka 1955, binti wa mwuza nyama. Mwaka 1985 alihamia Philadelphia pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo wa kike, na fedha za kuanzia maisha zilikuwa zimeshonewa ndani ya dubu wa kuchezea wa mtoto, kwa kuwa serikali yao haikuwaruhusu raia kutoka na fedha za kigeni ila kidogo mno. Alikuwa na fikra moja aliyoishikilia kwa ghera isiyo ya kawaida: kwamba RNA mjumbe, ambayo huchukua maagizo ya jeni kutoka katika DNA na kuyafikisha pale protini zinapotengenezwa, inaweza kuundwa maabarani na kutiwa mwilini, ili mwili wenyewe ujitengenezee dawa. Maombi yake ya ruzuku yalirudi, moja baada ya jingine. RNA huharibika upesi, walimwambia. Tena ukiitia mwilini, mwili huidhani kuwa ni adui na kuwaka kwa uvimbe na homa. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo, na yeye akabaki, akaendelea. Miaka michache baadaye alikutana na Drew Weissman, tabibu mtafiti wa kinga za mwili, penye mashine ya kutolea nakala, kila mmoja akigombea zamu ya kunakili makala zake za kusoma. Wakaanza kazi pamoja, na mwaka 2005 wakachapisha katika jarida la Immunity kwamba kiungo kimoja cha RNA, kiitwacho uridini, kikibadilishwa kwa ndugu yake, pseudouridini, mwili hauinukii tena RNA hiyo kwa vita. Nature walikuwa wameikataa makala hiyo. Ilipotoka, Weissman alimwambia mwenzake wajiandae, simu zitalia mfululizo. Hazikulia. Mwaka 2013 Karikó akaondoka kwenda BioNTech, mjini Mainz nchini Ujerumani. Desemba 2020 chanjo za UVIKO-19 za RNA mjumbe zikaanza kupewa idhini, ile ya BioNTech na Pfizer na ile ya Moderna, na zote mbili zina uridini iliyobadilishwa. Na tarehe 2 Oktoba 2023 yeye na Weissman wakatangaziwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo makala ile ya mwaka 2005 inatajwa kwa maelfu, Sheikh. Nukuu zilifika baada ya kazi kwisha, baada ya chuo kwisha, baada ya mwenye haki kukaribia miaka sabini.

MKUTUBI: Umeisimulia vizuri, mwanangu, na Mungu amjazie. Lakini kesi hii umeileta mahakama siyo. Karikó hakushushwa kwa sababu ametajwa haba. Alishushwa kwa sababu hakuleta ruzuku. Usinitwike mimi dhambi ya mhasibu.

MTAFITI: Hapo umenishika, nami nalikubali kwa kadiri yake: hukumu yenyewe ilikuwa ya fedha. Lakini fedha na nukuu hukaa nyumba moja. Aombaye ruzuku hutakiwa aambatishe orodha ya makala zake. Asiye na ruzuku hana dawa wala vifaa vya kufanyia kazi ya kuandikia makala, na asiye na makala hana kitu cha kutajwa. Ukinaswa katika mzunguko huo, hutoki kwa kuhesabiwa. Hutoka kwa mtu mmoja aliyesoma ulichoandika akakiamini. Kwa Karikó mtu huyo alikuwa Weissman, na alipatikana kwa sadfa.

Na mimi katibu niongeze sadfa nyingine, ambayo si hoja ya upande wowote. Ofisi ya Garfield, iliyozihesabu nukuu za ulimwengu mzima, ilikuwa Philadelphia, mji ule ule. Na chuo kilichompa Garfield udaktari wake, mwaka 1961, ndicho kile kile cha Pennsylvania.

MKUTUBI: Sasa nanyi nisikilizeni, kwa sababu hili ndilo lililonileta. Kabla ya hesabu hizi, mtu alipandaje cheo? Kwa barua ya mkubwa wake. Kwa kuwa mtoto wa fulani, au wa kabila la fulani, au mnywa chai wa mwenyekiti. Nimekaa katika vikao hivyo nikiandika mihtasari, na chuo sikitaji. Nimemwona kijana mwenye kazi njema akiambiwa asubiri, na mwenziwe asiye na chochote akipita mbele yake kwa salamu ya mlangoni. Hesabu haina mjomba. Kijana wa Mtwara au wa Lamu asiyejuana na mtu, akitajwa mara mia tano na watu wa Tokyo na Stockholm ambao hawakumwona kamwe, analo neno la kumwambia mwenyekiti, na mwenyekiti hana la kumjibu. Mkiiondoa hesabu, mjomba anarudi kesho asubuhi.

KADHI: Hiyo ni hoja nzito. Mjibu.

MTAFITI: Ni nzito, Sheikh, na katika hoja zote za Mzee wangu hii ndiyo ninayoiogopa. Ila namwambia mjomba hakuondoka, amehama makazi. Fahirisi husoma majarida iliyoyachagua, na kwa miaka mingi iliyoyachagua yalikuwa kwa wingi ya Ulaya na Marekani, ya lugha ya Kiingereza. Mwaka 1995 jarida la Scientific American liliandika kwa urefu juu ya sayansi ya nchi maskini inayopotea kwa sababu hiyo. Kisha uko mpango wa majina. Katika elimu yetu jina la kwanza aghalabu ni la aliyeifanya kazi kwa mkono wake, la mwisho ni la mkuu wa maabara, na katikati wamo wote waliobaki. Damu ya mtoto mwenye malaria inatolewa kijijini kwetu, inahifadhiwa katika barafu na watu wetu, inasomwa DNA yake ng'ambo, na makala ikitoka tafuta majina yetu yako wapi. Wala hesabu haigawanyi. Makala yenye waandishi mia mbili ikitajwa mara elfu, kila mmoja huandikiwa elfu nzima, aliyefikiri na aliyetia sahihi. Na wako wanaotajana kwa mapatano, wewe nitaje nami nitakutaja. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazil yaliondolewa katika orodha ya vigezo vya athari kwa kugunduliwa na mchezo huo. Huyo si mjomba, Mzee wangu?

MKUTUBI: Ni mjomba. Lakini huyu angalau anaonekana katika daftari.

Jawabu hilo lilimpendeza kadhi kuliko yote yaliyotangulia, na kwa maoni yangu lilistahiki kumpendeza.

KADHI: Sasa niruhusuni nirudi katika elimu niliyoisomea. Maulamaa wa hadithi walikutana na mtihani wenu zaidi ya miaka elfu kabla yenu: habari nyingi, wapokezi wengi, na baadhi yao waongo. Walihesabu? Walihesabu. Habari iliyopokewa na umati katika kila tabaka, hata isiyumkinike kwamba wamepatana kusema uongo, waliiita mutawatiri, na wingi wake ukawa ndio burhani yake. Lakini hizo ni chache. Zilizobaki hawakuzipima kwa wingi. Walimshika mpokezi mmoja mmoja katika isnadi wakauliza, alikuwa mkweli? hifadhi yake ilikuwaje? alikutana na yule anayedai kupokea kwake? Wakaandika vitabu juu ya vitabu vya sifa na ila za watu. Na ile hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari aliitanguliza mbele ya zote katika Sahihi yake, mnaijua isnadi yake? Ni Omar peke yake, kwake akapokea Alqama peke yake, kwake Muhammad bin Ibrahim peke yake, kwake Yahya bin Said peke yake, na ni kwa Yahya ndipo ilipoenea kwa watu wengi. Tabaka nne za mtu mmoja mmoja. Kwa kuhesabu tungaliitupa. Sasa namwuliza Daktari: hao wanaotaja, wanakisoma wanachokitaja?

MTAFITI: Watafiti wawili wa Los Angeles, Simkin na Roychowdhury, waliliuliza swali hilo mwaka 2003 kwa hila nzuri. Walifuata makosa ya chapa katika marejeo. Nambari ya ukurasa iliyokosewa na mtu mmoja ikirudiwa vile vile na wengine kumi, ni dalili kwamba hao kumi wamenakili rejeo bila ya kuifungua makala yenyewe. Wakakisia kwamba wanaoisoma asili kabla ya kuitaja ni kama mmoja katika kila watano.

KADHI: Basi wanne ni watu wa tadlisi. Kwetu mpokezi anayejifanya amesikia asichokisikia anayo hukumu yake katika vitabu.

MKUTUBI: Ni makisio, Sheikh, si sensa.

MTAFITI: Ni makisio, nami sikuyaita vingine. Lakini liko lisilo makisio. Hwang Woo-suk wa Korea Kusini alichapisha katika Science mwaka 2004 na mwaka 2005 kwamba amepata seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu vilivyotengenezwa kwa kunakili. Januari 2006 jarida likazifuta makala zote mbili kwa kuwa zilikuwa za kughushi. Na anayezitaja leo ili kuwafundisha wanafunzi uovu wa kughushi anaziongezea nukuu sawasawa na aliyezitaja zamani kwa kuzisifu.

Mkutubi alikaa kimya kwa muda, akipangusa miwani yake.

MKUTUBI: Hilo ni letu, nami sina budi kulisema. Kitabu cha mawakili kiliweka alama: kesi hii imefuatwa, hii imetofautishwa, hii imetenguliwa. Fahirisi yetu ilichukua uzi ikaziacha alama, ikabaki idadi tupu. Lau alama zingalichukuliwa pamoja na uzi, leo nisingalikuwa na kazi ngumu hivi.

KADHI: Basi mimi naamua. Hesabu ya kutajwa naipokea iwe karina, wala siipokei iwe ushahidi. Alama ya damu kwenye nguo humfanya kadhi amtazame mtu kwa makini. Haimfanyi amhukumu kabla ya kumsikiliza. Hesabu ikiwa kubwa, na isemwe kwamba hapa pana kitu kilichotumiwa, twende tukakitazame. Ikiwa ndogo, isisemwe kitu. Anayetaka kumpa mtu cheo au kumnyima, na asome kazi yake.

MKUTUBI: Kamati haina wakati huo, Sheikh. Waombaji hamsini, kila mmoja na makala arobaini, ni makala elfu mbili.

MTAFITI: Ndiyo maana wasiombwe arobaini. Shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, mwaka 2010 lilimwekea mwombaji wa ruzuku mpaka wa makala tano za kutaja katika wasifu wake. Na Tamko la San Francisco, lililoanzishwa katika mkutano wa wanabiolojia wa seli Desemba 2012, limesema bila kificho kwamba kigezo cha athari cha jarida kisitumiwe kumpimia mtafiti mmoja mmoja. Waombaji hamsini kwa makala tano ni makala mia mbili na hamsini. Kamati ya watu kumi, kila makala ikisomwa na wawili, ni makala hamsini kwa kila mjumbe.

MKUTUBI: Hamsini nitazisoma hata mimi, na kemia sikusomea.

Hukumu ya kadhi ilipita bila ya kura. Mkutubi aliomba iandikwe kwamba fahirisi ya nukuu isiondolewe katika maktaba yoyote, kwa kuwa kosa si lake, na Mtafiti akaliunga mkono ombi hilo. Msomaji uliye mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Makerere au Unguja, baraza linakuomba jambo moja: jalada la mtafiti litakapoletwa mezani kwako, mwambie mwenyewe achague makala tano katika alizoandika, kisha uzisome kabla ya kupiga kura.